Jagina Anapoifichua Siri Yake: Chrissie Wellington na Trayathloni ya Masafa Marefu

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusoma fasihi simulizi katika madarasa ya Kenya anazijua sifa za jagina wa mighani, au visakale kama wengine wapendavyo kuviita. Jagina ana nguvu zisizo za kawaida, hutokea wakati asipotazamiwa, huwashinda wanaomkabili mmoja baada ya mwingine, na mwishowe huangamizwa na jambo dogo ambalo lilikuwa siri yake. Fumo Liyongo hakudhuriwa na mkuki wala mshale, lakini alipodungwa sindano ya shaba kitovuni alikufa. Luanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, ila uhai wake ulikuwa katika kivuli. Katika visa vyote viwili siri inatokea nyumbani. Kwa Liyongo inachukuliwa na mwanawe wa kumzaa, na kwa Magere inachukuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Siri ikishatoka, hadithi haina tena pa kwenda.

Makala hii inakusudia kuutumia mwongozo huo kuyasoma maisha ya michezo ya Chrissie Wellington, mwanamke wa Kiingereza aliyeshiriki mashindano 13 ya trayathloni ya masafa marefu kati ya mwaka 2007 na mwaka 2011, akayashinda yote 13. Kwa mtazamo wa haraka huyu ni jagina wa kisakale hasa. Hata hivyo, mwaka 2012 alichapisha tawasifu yake, A Life Without Limits, iliyoandikwa kwa ushirikiano na mwanahabari Michael Aylwin, na humo akafanya jambo ambalo majagina wetu hawakulifanya wakasalimika: aliitaja siri yake kwa kinywa chake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kitendo hicho ndicho kinachokitenga kisakale na tawasifu, na kwamba bila kukizingatia, takwimu za ushindi wa Wellington, zilivyo nyingi, hazituelezi mengi juu yake.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la Kiswahili limshughulikie mwanamichezo wa Uingereza. Nadharia ya ujagina, iwapo ni nadharia kweli, sharti ijaribiwe nje ya matini zilezile zinazorudiwa kila muhula. Liyongo amehojiwa vya kutosha, na si vibaya naye akipumzika kidogo.

Mchezo wenyewe

Trayathloni ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, bila saa kusimamishwa hata mshindani anapobadilisha mavazi. Ipo ya masafa mafupi, ambayo ndiyo iliyoingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, na ipo ya masafa marefu, inayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara la Ironman. Katika hii ya pili mshindani huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni kamili. Ilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mwaka 1981 ilihamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha visiwa hivyo, ambako barabara hupita katikati ya mawe meusi ya volkano, jua likiunguza na pepo za ubavuni zikimyumbisha mwenye baiskeli. Ubingwa wa dunia unaohusika na makala hii ni ule wa Kona.

Jina Ironman lina neno la Kiingereza la mwanamume ndani yake, nalo halikuwazuia wanawake. Mwaka 1979 Lyn Lemaire aliingia akiwa mwanamke pekee na akamaliza wa tano miongoni mwa wote. Lakini aliyeufanya mchezo huu ujulikane ni mwanamke aliyeshindwa. Mnamo Februari 1982 Julie Moss, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akikusanya data ya tasnifu yake kuhusu utendakazi wa mwili mazoezini, alikuwa akiongoza alipoishiwa nguvu karibu na mwisho. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney alimpita hatua chache kabla ya utepe, na Moss akamaliza kwa kutambaa, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Picha hizo zilipooneshwa katika televisheni ya Marekani, watu wengi waliusikia mchezo huu kwa mara ya kwanza. Inastahili kukumbukwa, basi, kwamba simulizi kuu ya kwanza ya trayathloni haikuwa ya nguvu za mwili bali ya kikomo chake.

Kabla ya Wellington, malkia wa Kona alikuwa Paula Newby-Fraser, aliyezaliwa mwaka 1962 katika mji wa Salisbury ambao leo ni Harare, akakulia Afrika Kusini. Huyu alishinda mara 8 kati ya mwaka 1986 na mwaka 1996, na muda wake wa mwaka 1992, saa 8:55:28, ulidumu kama rekodi ya Kona kwa miaka 17. Mwaka 1995 naye alianguka akiwa mbele, mita mia chache tu kutoka mwisho. Baada ya kulala chini kwa dakika nyingi aliinuka, akatembea bila viatu na kumaliza wa nne. Mwaka uliofuata alirudi akashinda. Kama angekuwa jagina wa kisakale, hadithi yake ingekwisha pale alipoanguka.

Kuchelewa kwa jagina

Wellington alizaliwa tarehe 18 Februari 1977 huko Bury St Edmunds na kukulia katika kijiji cha Feltwell, mashariki mwa Uingereza. Hakuna ishara za ajabu katika utoto wake. Aliogelea shuleni na chuoni bila kuwa nyota. Alisomea jiografia katika Chuo Kikuu cha Birmingham, akahitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1998, akasafiri, kisha akachukua shahada ya uzamili ya masuala ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 2002 alikimbia marathoni ya London kwa saa 3 na dakika 8. Muda huo ni wa kusifiwa kwa mkimbiaji wa kujifurahisha, ila si wa kumfanya mtu aache kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Aliajiriwa na wizara ya Uingereza inayoshughulikia mazingira, chakula na masuala ya vijijini, na alikuwa katika ujumbe wa nchi yake kwenye Mkutano wa Kilele wa Maendeleo Endelevu uliofanyika Johannesburg mwaka 2002. Miongoni mwa yaliyomshughulisha ni maji safi na usafi wa mazingira katika nchi maskini. Mnamo mwaka 2004 alichukua likizo ya kazi akaenda Nepal kufanya kazi na shirika la maendeleo vijijini, wakati nchi hiyo ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko, pamoja na marafiki, alizoea kupanda milima kwa baiskeli alfajiri kabla ya kazi, na safari moja iliwachukua kutoka Lhasa hadi Kathmandu kupitia milima ya Himalaya. Bila kukusudia, alikuwa akiujenga mwili katika mwinuko ambao wanamichezo wengine huulipia fedha nyingi. Hilo halimshangazi anayejua kwa nini wakimbiaji hupiga kambi Iten.

Mwaka 2006 alishinda ubingwa wa dunia wa wasio wa kulipwa, kundi la miaka 25 hadi 29, mjini Lausanne. Mapema mwaka 2007 aliacha kazi ya serikali na kuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alikuwa akitimiza miaka 30.

Tukifuata kanuni za kisakale, hapa pana mushkili. Jagina wetu huzaliwa na nguvu zake. Wellington hakuzigundua zake mpaka alipofika umri ambao waogeleaji wengi wameshastaafu, na akazigundua akiwa mbali na kiwanja chochote, akishughulikia vyoo na visima. Kuna watakaosema kwamba nguvu zilikuwamo tangu awali na hazikuwa zimeamshwa tu. Yawezekana. Lakini msimulizi wa tawasifu hawezi kusema hivyo bila kujisifu, na kwa hiyo hana budi kuonesha kazi yenyewe, siku kwa siku. Hili ni sharti la utanzu, nalo lina manufaa kwa ukweli.

Mashindano kumi na matatu

Mashindano yake ya kwanza ya masafa marefu yalikuwa Korea Kusini, Agosti 2007. Alishinda. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alisimama majini Kona, akiwa hajatajwa miongoni mwa waliotarajiwa, akashinda kwa saa 9:08:45, takriban dakika tano mbele ya Samantha McGlone wa Kanada. Huu ndio ule mtokeo wa ghafla ambao wasimulizi wa visakale huupenda.

Yaliyofuata yanaweza kutajwa kwa haraka, kwa kuwa orodha ya ushindi huchosha. Mwaka 2008 alishinda Australia, Frankfurt na Kona, na katika mashindano ya milimani ya Alpe d'Huez nchini Ufaransa ni mwanamume mmoja tu aliyemtangulia. Mwaka 2009 alishinda tena Australia, kisha Roth, Ujerumani, kwa saa 8:31:59, kisha Kona kwa saa 8:54:02, na hapo rekodi ya Newby-Fraser ikavunjika. Mwaka 2010 alirudi Roth akatumia saa 8:19:13. Mwaka 2011 alitumia saa 8:33:56 nchini Afrika Kusini, na Julai mwaka huohuo, huko Roth, akaweka muda uliokuwa bora kuliko wote duniani kwa wanawake: saa 8:18:13.

Ndani ya muda huo wa mwisho mna marathoni ya saa 2:44:35. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kusikia kwamba Catherine Ndereba alikimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47, anaweza kutabasamu. Akumbuke tu kwamba Ndereba alianza mbio zake akiwa amepumzika, ilhali Wellington alizianza zake akiwa ametoka majini na kuikanyaga baiskeli kilomita 180. Hizi si mbio za aina moja, na anayezilinganisha kwa saa peke yake hajazielewa zote mbili.

Tukio moja la mwaka 2008 linahitaji kutuliwa. Akiwa anaongoza Kona, gurudumu lake lilipata pancha. Alibadilisha mpira, lakini vichupa vya gesi alivyobeba vya kujazia upepo havikumfaa kitu, akabaki kando ya barabara wapinzani wakimpita. Aliyemwokoa ni mpinzani, Rebekah Keat wa Australia, aliyemrushia kichupa chake alipokuwa akipita. Wellington alikuwa amepoteza takriban dakika kumi, na bado alishinda kwa karibu dakika 15. Katika utendi wa Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, msaada unamfikia jagina kifungoni kupitia kwa mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate. Anayesaidia ni damu yake. Katika Kona anayesaidia ni mtu aliyekuwa na kila sababu ya kupita akiangalia mbele. Visakale havina nafasi ya mhusika kama Keat, kwa kuwa ulimwengu wake umegawika baina ya wa kwetu na maadui.

Jambo la pili ni namna alivyozoea kuvuka mstari wa mwisho. Mmarekani Jon Blais, aliyeambiwa mwaka 2005 kwamba ana ugonjwa unaoua neva za kuendesha misuli, alimaliza mashindano ya Kona mwaka huohuo na akauvuka mstari kwa kujiviringisha chini kama gogo. Alifariki mwaka 2007. Kwa kumkumbuka, Wellington katika mashindano kadhaa alilala chini akajiviringisha mstarini, akiwa bingwa, mbele ya kamera. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kusogea wakidhani yu hai. Hata akiwa maiti hakukubali kuonekana ameanguka. Wellington akiwa na ushindi mkononi alichagua kulala chini. Taswira hizi mbili zikiwekwa pamoja hueleza zaidi ya kurasa nyingi za nadharia.

Siri

Tawasifu ya Wellington inaeleza kwamba kabla ya kuingia katika michezo ya kulipwa alipitia kipindi cha kujinyima chakula na kuuchukia mwili wake, hali ambayo madaktari huitambua kuwa maradhi. Chanzo chake, kwa maelezo yake, kilikuwa hamu ya kutawala kila kitu na kutoridhika kamwe na kiasi alichokifanya. Alama za darasani zikishafika juu, palibaki mwili wa kutawaliwa.

Hapa ndipo uzito wa suala ulipo. Hamu hiyohiyo ndiyo iliyomshindisha. Mtu asiyeridhika ndiye anayerudi mazoezini huku wenzake wakilala, na mtu anayetaka kutawala kila kitu ndiye anayehesabu kila punje ya chakula na kila pigo la moyo. Sindano ya shaba haikutoka nje; ilikuwa imeshonwa ndani ya nguvu zenyewe. Liyongo na Magere wana mahali pa nguvu na mahali pa udhaifu, na mahali hapo hapachanganyiki: ngozi ni salama, kitovu si salama, mwili ni jiwe, kivuli ni nyama. Kwa Wellington haiwezekani kuchora mstari huo.

Kocha wake wa kwanza wa kulipwa, Brett Sutton wa Australia, aliliona hilo mapema, kwamba kichwa cha mwanafunzi wake kilikuwa tishio kubwa kuliko mpinzani yeyote, na akamlazimisha ajifunze kupumzika na kutii. Jina la Sutton, hata hivyo, haliwezi kupitwa hivihivi. Mwaka 1999 alikuwa amekiri mahakamani nchini Australia makosa ya kingono dhidi ya msichana aliyekuwa akimfunza kuogelea. Mafanikio ya mwanamke mmoja chini ya kocha hayafuti madhara aliyotendewa msichana mwingine, na mhakiki anayeisoma sura ya utiifu bila kulikumbuka hilo anasoma nusu. Wellington aliachana naye baada ya msimu wa 2008, na kuanzia mwaka 2010 alifundishwa na Dave Scott, bingwa mara sita wa Kona.

Mwanazuoni Mfaransa Philippe Lejeune alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mkataba: jina lililo kwenye jalada, sauti inayosimulia na mhusika mkuu ni mtu mmoja, na msomaji huikubali kauli yake kwa msingi huo. Mkataba wa A Life Without Limits una ufa kidogo, kwa sababu sauti imepitia mikono miwili, ya Wellington na ya Aylwin. Kuna na suala jingine gumu zaidi. Mtu anayetaka kutawala kila kitu anapoitoa siri yake hadharani, je, ameiachilia au ameitawala? Anayesimulia udhaifu wake huchagua mahali pa kuanza, mahali pa kunyamaza na mahali pa kutulia. Hakuna mwana wala mke wa kuipeleka siri kwa maadui, kwani mwenyewe ameshaipeleka sokoni na kuiuza kwa bei ya kitabu. Maelezo haya si ya kumshutumu. Ni ya kuonesha kwamba uwazi wa tawasifu nao ni usanii, na kwamba mhakiki hapaswi kuupokea kama ungamo tupu. Hata kichwa cha kitabu, kinachodai maisha yasiyo na mipaka, kinapingana na sura zinazoonesha mipaka ikimkaba mtu karibu ya kumuua.

Wanafunzi wa ushairi watavutiwa na jambo moja. Wellington alizoea kusafiri na nakala ya shairi la Rudyard Kipling liitwalo "If—". Shairi hilo ni wosia wa baba kwa mwana wa kiume, na upeo wake ni uanaume. Sisi tunao wosia wa mama kwa binti, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hivi, nao tumezoea kuujadili kwa swali la nafasi ya mwanamke. Hapa mwanamke anajitwalia wosia usiomlenga, anaubeba mfukoni, na anautumia. Msomaji halazimiki kuwa yule aliyehutubiwa na mshairi.

Asubuhi moja na mwaka uliofuata

Tarehe 9 Oktoba 2010, siku ya mashindano ya Kona, Wellington alijitoa asubuhi kabla ya kuingia majini. Alikuwa mgonjwa. Vipimo vya baadaye vilionesha maambukizi kadhaa, vikiwemo virusi vya West Nile. Mirinda Carfrae wa Australia alitwaa ubingwa. Katika hesabu ya 13 kwa 13 siku hii haimo, kwa kuwa asiyeanza hajashindwa. Katika tawasifu ni miongoni mwa siku nzito kuliko zote. Kwa mtu wa tabia iliyoelezwa hapo juu, kukubali kutosimama mstarini kulihitaji nguvu ambazo ushindi haukuwahi kumdai. Mwezi uliofuata alishinda Arizona kwa saa 8:36:13, na pengine hilo limewafanya wengi waisahau asubuhi ile.

Mwaka 2011, majuma mawili kabla ya Kona, alianguka kwa baiskeli mazoezini. Ngozi ilichunika, mguu ukapata uambukizo, na msuli wa kifua ukajeruhiwa, naye alikuwa na kilomita 3.8 za kuogelea mbele yake. Aliogelea vibaya kwa kipimo chake, zaidi ya saa moja. Aliposhuka kwenye baiskeli alikuwa zaidi ya dakika 20 nyuma ya Mwingereza mwenzake Julie Dibens. Hakuwahi kuwa nyuma hivyo. Alianza kukimbia, akiwapita mmoja mmoja, huku Carfrae, mkimbiaji hodari zaidi wa kizazi hicho, akimfuata. Wellington alikimbia marathoni kwa saa 2:52:41 na Carfrae kwa saa 2:52:09. Mshindi alimaliza kwa saa 8:55:08, na Carfrae akafika dakika 2 na sekunde 49 baadaye.

Tukipima kwa saa, hayo si mashindano yake bora. Yeye mwenyewe ameyataja kuwa ndiyo aliyoyathamini kuliko yote. Mantiki yake inaeleweka: miaka iliyotangulia alishinda kwa kuwa na nguvu kuliko wengine, na jambo hilo lilimwachia shaka kama amewahi kupimwa. Hapa alipimwa akiwa na majeraha ambayo yeyote angeweza kuyaona, na saa yake ikazidi ile ya mwaka 2009 kwa dakika moja na kidogo tu. Mwaka 2012 hakushindana, na mnamo Desemba mwaka huo akatangaza kwamba amestaafu.

Baada ya Kona

Rekodi zake zimeondoka moja baada ya nyingine. Ile ya Kona ilivunjwa na Carfrae mwaka 2013. Ile ya Roth ilidumu miaka 12. Mwaka 2022 Laura Philipp wa Ujerumani aliikosa mjini Hamburg kwa sekunde 7, kisha Daniela Ryf wa Uswisi akaivunja mwaka 2023 palepale Roth kwa saa 8:08:21, na mwaka 2024 Anne Haug wa Ujerumani akashuka hadi saa 8:02:38.

Mwaka 2013, pamoja na Emma Pooley, Marianne Vos na Kathryn Bertine, alianzisha harakati za kudai wanawake wawe na mbio zao katika Tour de France. Waandalizi waliitikia mwaka 2014 kwa mbio za siku moja, na mashindano kamili ya hatua nyingi yakaanza mwaka 2022. Vilevile alijiunga na parkrun, matembezi na mbio za kilomita 5 ambazo watu huzifanya bila malipo katika bustani kila Jumamosi, na akasaidia kuzieneza zile za watoto, za kilomita 2, za Jumapili. Parkrun hazina zawadi. Nyuma ya kila kundi la watu wazima hutembea mtu wa kujitolea, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mshiriki anayefika wa mwisho.